Watu wa Kompanyi Wako Njiani

Mume wangu ana mzaha mmoja ambao huutoa kila tunapopata mgeni. Anasema taa ikiungua katika nyumba ya Mkasai, mwenye nyumba hukimbia dukani kununua nyingine, na kabla hajalipa humfundisha muuzaji jinsi taa zinavyotengenezwa. Ikiungua katika nyumba ya Mkatanga, mwenye nyumba huvaa shati safi, huketi gizani na kungoja kompanyi ilete nyingine. Wageni hucheka mpaka wanashika mbavu. Mimi pia hucheka, ingawa mzaha huo nimeuzoea kuliko sala ya kulala, na ingawa Mkatanga anayesimuliwa ni baba yangu mzazi.

Mume wangu ni Mkasai wa namna ya hapa kwetu Likasi, Katanga. Babu yake aliletwa kuchimba shaba, baba yake akazaliwa mjini hapa, yeye mwenyewe akazaliwa mtaa wa Kikula, na Kasai hajapata kuiona ila katika picha za harusi za watu wengine. Lakini akianza kubishana utadhani ameshuka garini asubuhi hii hii. Anauza vifaa vya ujenzi katika soko la Kikula: misumari, makufuli, rangi, mabati. Mimi nashona nguo kibanda cha pili. Tulijuana kwa sababu alikuja kulalamika kwamba cherehani yangu inapiga kelele, akakaa akieleza malalamiko yake mpaka jioni, na kesho yake akarudi kuongeza aliyosahau. Kwetu mtu akikukosea unanyamaza. Sikujua kwamba kulalamika kunaweza kuwa posa.

Basi ndani ya nyumba yetu tunataniana bila kuchoka. Yeye husema ukimkanyaga Mkatanga atakuomba msamaha kwa kuweka mguu wake chini ya kiatu chako. Husema Mkatanga anaweza kumaliza sahani mbili za wali na nyama, akapangusa mdomo, kisha akauliza kwa unyonge ni saa ngapi watu watakula, maana bukari, huo ugali wetu wa mahindi, haijaonekana mezani. Mimi nami sikosi la kujibu. Namwambia Mkasai akitumbukia kisimani, kwanza hubishana na maji. Namwambia shemeji zangu hawaendi msibani kulia, wanaenda kurekebisha hotuba. Watu wa Lubumbashi nao hutucheka wote wawili bila ubaguzi. Kwao Likasi ni mji wa wastaafu na mafagio, ambapo habari kubwa ya juma ni mtu kufagia mpaka upande wa jirani yake. Hilo la mafagio siwezi kulipinga, maana mama yangu hufagia uwanja kabla hajamsalimu hata Mungu.

Kuna mizaha ambayo hatuitoi. Mume wangu alipokuwa mtoto, maneno ya namna hii yaliwahi kuacha kuwa mchezo katika mji huu, Wakasai wakafukuzwa, na familia yake ilikaa kwenye kituo cha gari la moshi majuma mengi, na magodoro na masufuria yao, ikingoja kuondolewa mahali ilipozaliwa. Waliondoka, na baadaye wakarudi. Hapendi kulizungumza. Ila tangu hapo hawezi kungoja kitu chochote, hata chai ipoe, nami nimejifunza kutomuuliza kwa nini anazunguka-zunguka basi likichelewa.

Baba yangu, yeye, kungoja ndiyo kazi aliyobaki nayo.

Alifanya kazi kiwandani tangu ujana wake, na mpaka leo anaishi na Mama katika nyumba ya kambi aliyopewa alipooa. Kompanyi sitaitaja. Hapa kwetu wazee hawaitaji kwa jina, wanasema tu kompanyi, kama vile mtoto asivyomwita baba yake kwa jina. Ndiyo iliyowapa nyumba, na unga wa bukari, na shule yetu, na kitanda ambacho Mama alinizalia. King'ora chake kilimwamsha Baba, kikamlaza Baba. Nyumba ikihitaji chokaa, kompanyi ililijua hilo kabla ya mwenye nyumba.

Nayakumbuka vizuri sana matengenezo yale. Siku moja kabla, kapita, yaani msimamizi wa kikosi, alipita na mita yake ya mbao ya kukunja, akigonga milango. Ilipasa nyumba iwe tupu watu wake watakapofika, wasipoteze muda kusukuma makabati. Basi asubuhi kambi nzima ilitoa vitu nje: vitanda, masufuria, picha za ndoa, sanamu za Bikira Maria. Akina mama walikaa juu ya magodoro uwanjani wakisukana nywele. Kila mmoja aliweka jagi la maji na glasi safi kwa ajili ya wafanyakazi, na aibu kubwa ilikuwa glasi yako kuonekana ina ufa. Sisi watoto tulicheza kujificha kati ya vitanda vya majirani. Kisha wanaume wa salopeti za bluu, zile ovaroli za kazi, wakaja, na jioni tukarudi katika nyumba inayonukia chokaa. Hadi leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi moyo wangu unatulia, hata kama kinachopakwa ni kaburi.

Hayo yalikwisha. Kompanyi ikaugua, wafanyakazi wakaagwa, na nyumba za kambi wakaachiwa wenyewe waliokuwa wakikaa humo. Kisheria nyumba ile ni ya Baba tangu miaka mingi. Yeye hakubaliani na sheria. Hapigi msumari ukutani bila ruhusa. Kalenda ya parokia inakaa juu ya kiti, imeegemezwa, kwa sababu ukuta si wake. Ukimwambia kwamba kompanyi imewaacha, anakutazama kwa huruma, kama mtu anayesikia mtoto akimsingizia mkubwa.

Mabati yalipoanza kutoboka, yalitoboka juu ya chumba cha kulala. Mvua ya kwanza Mama aliweka beseni moja. Mvua zilizofuata zilimfanya asogeze kitanda, kisha akaweka beseni la pili, na sufuria, na ndoo ya kufulia. Mume wangu kwa heshima ya ukwe haingii chumba cha mama mkwe wake, hivyo paa lile hajapata kuliona kwa ndani. Alikuwa akikaa sebuleni na kusikiliza maji yakidondoka, kila chombo na sauti yake, na uso wake ulikuwa ukikunjana kama mtu anayesikia mwizi dukani kwake.

Kisha Mama akaanza kukohoa. Alikohoa majira yote ya mvua, akapona wakati wa kiangazi, na mawingu yaliporudi, kikohozi nacho kikarudi. Daktari alimsikiliza kifua akaniambia, mimi na si yeye, kwamba mama huyu asipolala mahali pakavu, mvua zinazokuja zitamshinda. Nilitoka pale nikiwa na jambo moja tu kichwani, nalo lilikuwa paa.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Mume wangu anauza mabati, jamani! Alipakia mabati mapya, matole kama tunavyoyaita, kwenye mkokoteni, akapeleka mpaka mlangoni. Baba aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za soko. Akayapanga vizuri nyuma ya nyumba, akayafunika na majani makavu yasichomwe na jua.

"Kazi muzuri," akasema. "Batu ba kompanyi bakifika, batakuta matole iko tayari."

"Papa, minye mwenyewe nitaleta fundi kesho," mume wangu akamwambia. "Haina mambo ya kompanyi."

"Aksanti, mwana. Mais weye hauyue. Nyumba njo ya kompanyi. Ukigusa ata tole moya, batakuya kuuliza: nani alipanda kule?"

Mume wangu alibishana mpaka jua likazama. Alimweleza Baba sheria, akamweleza afya, akamweleza bei ya shaba duniani. Baba alisikiliza yote kwa adabu, akitikisa kichwa mahali panapofaa, na mwisho akamshukuru kwa kuja. Huwezi kumshinda mtu asiyekupinga. Tulirudi nyumbani, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza nikamwonea huruma Mkasai.

Mimi nilijaribu kwa njia za kwetu. Nilimchukua Mama akalale kwangu. Alilala siku moja, asubuhi akafunga kitenge akarudi kambini, kwa sababu nani angemsongea Baba bukari. Nilimwambia aje na Baba. Alicheka mpaka akakohoa. Nilitaka kumpeleka kwa dada yake aliyeko Kapolowe, akasema Kapolowe mvua ni ile ile. Nilipiga magoti mbele ya Baba, kweli nilipiga magoti, nikamwambia, Baba, Mama atakufa. Macho yake yakajaa maji. Akavaa shati safi, akachukua kofia, akatoka.

Nilijua anakokwenda. Ofisi ya matengenezo ya zamani iko mwisho wa kambi, na siku hizi ni kanisa la uamsho lenye vipaza sauti. Baba huenda pale, huketi kwenye benchi la nje, kofia magotini, akingoja mtu wa kompanyi apite. Mchungaji alidhani ni mzee anayetafuta wokovu, akamwombea mara nyingi, na kumwekea mikono kichwani. Baba alimshukuru kila mara na kumweleza kwamba yeye ni Mkatoliki na amekuja kwa ajili ya mabati.

Siku ile nilimfuata, nikakaa naye kwenye benchi. Nilikuwa na hasira ya kutosha kung'oa lile paa kwa meno. Lakini yeye alinisogezea nafasi, akanipa upande wenye kivuli, na hasira yangu ikabaki haina pa kukaa. Tukangoja pamoja. Hakupita mtu. Aliposimama aliniambia, "Leo beko na kazi mingi," nami nikaitikia ndiyo, Baba.

Wazo lilikuwa la mume wangu. Alilitoa mezani, mdomo umejaa.

"Papa yako anataka batu ba kompanyi," akasema. "Bon. Tumupe batu ba kompanyi. Minye niko na bafundi, weye uko na masini. Ushone salopeti."

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia baba yangu si mtoto. Yeye akaniuliza kama nina wazo jingine, na nikatafuta, nikatafuta tena, mpaka nikatoka nje kutafuta huko. Sikuwa nalo. Nilisikia ngurumo upande wa Kakanda, ya mbali, mwanzo wa majira. Kesho yake nikanunua kitambaa cha bluu.

Nilishona tatu. Sikuhitaji mfano. Utoto wangu wote nilipiga pasi salopeti ya Baba kila Jumapili jioni, na mikono yangu ilikumbuka yenyewe: kola fupi, vifungo vilivyofichwa, mfuko wa kifuani wenye kijifuko chembamba cha kuchomekea kalamu ya risasi. Nilipofika kwenye kijifuko hicho nililia. Nilikuwa nalia na kushona, na mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akanipa pole ya msiba.

Mafundi walikuwa vijana wa Kikula. Mkubwa wao alikuwa amechimba madini Kakanda akachoka, akarudi mjini kuezeka nyumba. Mume wangu aliwafundisha siku nzima: salimuni wazee kwanza, msizungumzie bei, mkiulizwa lolote semeni "Ndiyo, shefu." Aliwakopea kofia ngumu. Mimi niliziosha salopeti mara kadhaa kwa sabuni ya unga zisionekane mpya.

Baba alikuwa uwanjani walipofika. Aliwaona tangu mbali, wakija na ngazi begani, na akasimama. Alisimama wima kabisa, mikono ubavuni. Mkubwa wao akamwamkia, akasema wametumwa kutengeneza paa. Baba alisogea karibu, akatazama mfuko wa kifuani, akagusa kijifuko cha kalamu kwa kidole.

"Mulichelewa," akasema. Kisha akamshika yule kijana mabega, akamkumbatia, na alipogeuka kwangu uso wake ulikuwa umelowa. "Nilikuambia, mwana. Niliambia bote mweye. Kompanyi haisahabu batu yake."

Nilifurahi, nataka hilo lieleweke. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Tulitoa vitu nje kwa utaratibu ule ule wa zamani. Mama alileta jagi la maji na glasi. Alipompa maji yule mkubwa wa mafundi, macho yake yalishuka kwenye mfuko, kwenye mshono wenyewe, yakakaa hapo. Mama ndiye aliyenifundisha kushona, na mshono wangu anaujua kama anavyoujua mwendo wangu. Akanitazama. Nikatazama chini. "Bukari itakuwa tayari saa sita," akasema, akaenda jikoni.

Kazi ilikwisha siku ile ile. Mvua ilipokuja haikuingia hata tone. Mama aliniambia Baba alikataa kulala, alikaa kitini akisikiliza maji yakipiga bati bila kuingia, na akamwamsha yeye pia ili asikilize. Kikohozi kikaanza kulegea. Juma hilo nilishona kwa furaha, niliwapunguzia wateja bei bila wao kuomba, na mume wangu akawa na mzaha mpya, kwamba amekuwa mkurugenzi wa kompanyi. Niliucheka mzaha huo kuliko yote.

Ilikuwa Jumamosi Mama aliponipigia simu.

"Kuya mbio, na bwana yako," akasema. "Baba yako aliisha kupita ku kambi yote na mita yake. Batu banatosha bintu inje."

Nilielewa papo hapo kwa nini kambi inatoa vitu nje, lakini niliomba niwe nimekosea. Tulichukua pikipiki wote wawili. Tulipoingia barabara ya kambi, mume wangu alimwambia dereva asimame, na hatukushuka mara moja.

Vitanda vilikuwa nje. Mbele ya kila nyumba, upande huu na upande ule, mpaka pale macho yanapofika, vitanda, makabati, magodoro yaliyochanika, mafriji yasiyofanya kazi, picha za ndoa za watu ambao mmoja wao amekwisha kufa. Wazee walikaa juu ya vitu vyao. Walikuwa wamevaa vizuri. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyegombea nafasi. Mbele ya kila mlango palikuwa na kiti, na juu ya kiti jagi la maji na glasi. Nilitazama mapaa yao kwa mara ya kwanza tangu nianze kuishi Kikula. Mengine yalikuwa mabaya kuliko lilivyokuwa la Baba. Mengine yalikuwa mawe na plastiki tu.

Baba alikuja kutupokea. Alikuwa na mita ya mbao mkononi, kama kapita wa zamani, kalamu ya risasi sikioni, na alitembea kama mtu wa miaka arobaini. Alikuwa amepanga zamu mwenyewe: wajane kwanza, kisha wagonjwa, kisha wenye miguu mizima.

"Batu beko tayari," akaniambia. "Mwana, weye uko na telefone. Uite bale ba kompanyi, ubaambie basikawie. Mvula iko inakuya."

Ilikuwa inakuja kweli. Upande wote wa Kakanda ulikuwa mweusi.

Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa sina hesabu ya kufanya, naye pia. Mabati ya duka lake lote yasingefunika hata mstari mmoja wa nyumba zile. Lakini yeye ndiye mwenye maneno, siku zote ni yeye, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwomba moyoni abishane. Alitazama magodoro yale yaliyotandazwa uwanjani, na nilijua anaona magodoro mengine. Alivuta pumzi. Akasema, "Papa, sikiya, iko kintu moya..."

Baba akamshika mkono, akamgeuza mbele ya wazee.

"Muone," akawaambia kwa sauti. "Huyu njo mukwe wangu. Ni Muluba wa Kasai, mutu wa mbio-mbio, munabayua. Mais alileta matole yake, akaweka, akangoya kompanyi pamoya na minye. Huyu aliisha kujua kungoya. Ni mutoto wetu."

Wazee wakapiga makofi, taratibu, kwa adabu. Bibi mmoja akasema Mungu ambariki. Mume wangu alifungua mdomo, akaufunga. Huyu ni mtu ambaye familia yake iliwahi kungoja katika mji huu huu, watu wakipita na kuwatazama, na hakuna aliyepata kumwita mtoto wetu mbele ya kambi nzima.

Nikabaki mimi. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwake, chini ya paa jipya, mikono imekunjwa juu ya kifua, akinitazama. Yeye alijua, na hakunisaidia. Baba alikuwa akingoja. Wote walikuwa wakingoja, nyuso zimegeukia kwangu, wapole na wenye subira, hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Angalau mmoja wao angenitukana ningepata nguvu. Ni kweli wanavyotucheka. Hatuwezi kumwambia mtu hapana akitutazama machoni.

"Beko mu njia," nikasema.

Neno likapita toka kitanda hadi kitanda mpaka mwisho wa barabara. Beko mu njia. Wako njiani. Niliwasikia wakiambiana, wakicheka kidogo, wakiweka mito sawasawa.

Tone la kwanza lilinipiga mkononi. Jirani wa nyumba ya pili na ya Baba, mjane ambaye alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, alikuwa wa kwanza kwenye zamu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake cha chuma, godoro likiwa wazi juu yake. Nilimkimbilia. Nilimwambia, mama, turudishe vitu ndani, mvua hii.

"Apana, mwana. Tukirudisha, batafika bakute nyumba haiko tayari. Ni haya kubwa." Akatazama lile wingu, akasikitika. "Bale batoto ba kompanyi, maskini. Batalowana mu njia."

Alikuwa na turubai moja, dogo, lenye matundu. Nikadhani atafunika godoro. Akalikunjua, akalipeleka kwenye kiti cha mlangoni, akafunika jagi la maji na glasi zao. Upepo ukawa unalinyanyua. Akaniomba nimshikie upande mmoja, nami nikamshikia.